Kupungua Uzito Si Kukonda

(Mazungumzo ya mratibu wa miradi wa dayosisi na wanavikundi vya kuweka na kukopa, Hanga. Yamefupishwa kidogo.)

 

Mmezoea kuniona nikija na habari za udumavu wa watoto. Leo nimekuja na jambo la sisi watu wazima, nalo ni uzito uliozidi. Naona wengine mnacheka. Chekeni tu, maana mfano wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Miaka mitatu iliyopita nilipima nikakuta kilo 94, na urefu wangu ni sentimita 165. Shinikizo la damu lilikuwa juu. Nikaambiwa nipunguze uzito, lakini namna ya kupunguza sikuiuliza. Nikanunua majani ya chai kwa mchuuzi mmoja. Nikaharisha wiki mbili, zikatoka kilo nne, na baada ya mwezi zikarudi zote. Kumbe yalikuwa maji tu yaliyotoka mwilini. Nikajaribu kuacha kula mchana, ikifika jioni nakula kwa hasira. Napo nikashindwa.

Nilipoanza kupungua kwa njia sahihi, shangazi yangu alifunga safari kutoka kijijini. Tukakaa jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, umepima?" Nilijua anauliza kuhusu nini. Kwetu unene ni dalili ya neema, na mke akipungua watu husema mume hamtunzi, au husema ana ugonjwa. Woga huu unawafanya wengi wabaki na uzito unaowaumiza. Ndiyo sababu nataka tutofautishe mambo mawili: kukonda bila sababu, na kupungua kwa mpango. Anayekonda bila kukusudia aende kituo cha afya mapema, asingoje. Anayepungua kwa mpango anakula vizuri, ana nguvu za kulima, na anajua kila mwezi amefikia wapi.

Ukubwa wa tatizo

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Utafiti wa mwaka 2022 ukakuta wamefika 36. Na mwaka huohuo wa 2022, hapa mkoani Ruvuma, takriban watoto 36 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mkoa unaosifika kwa mahindi! Nyumba moja inaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mama mwenye uzito uliozidi, wakila chungu kimoja. Ugali umejaa, mboga ni kidogo, matunda hakuna, na chai ina sukari nyingi. Kwa hiyo tukirekebisha chungu, tunawasaidia wote wawili.

Uzito uliozidi huongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu, magonjwa ya moyo na maumivu ya magoti. Habari njema ni kwamba huhitaji kuwa mwembamba ndipo upate nafuu. Mtu mwenye kilo 90 akipunguza kilo tano hadi tisa tu, mara nyingi shinikizo la damu na sukari huanza kushuka.

Tuanzie wapi?

Kwanza, kikombe cha chai. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Anayeweka vijiko vitatu, akanywa vikombe vitatu kwa siku, anakula gramu 36. Kwa mwezi ni zaidi ya kilo moja ya sukari, peke yake! Punguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, ulimi utazoea. Soda moja nayo ina sukari ya vijiko vinane au tisa. Ukiwa na kiu, maji yanatosha. Wanywaji wa ulanzi na bia nao wajue kwamba pombe inanenepesha.

Pili, mafuta. Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya unga. Wengi wetu tunamimina kutoka kwenye dumu moja kwa moja. Pima kwa kijiko. Maandazi, vitumbua na chipsi viwe vya siku moja moja, visiwe kifungua kinywa cha kila asubuhi. Viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha na maharage hushibisha zaidi.

Tatu, sahani. Sikuambii uache ugali. Mngoni aache ugali ale nini? Igawe sahani. Nusu iwe mboga na matunda: majani ya maboga, matembele, kisamvu, chainizi, mlenda, papai, chungwa. Robo iwe maharage, kunde, samaki au dagaa wa Ziwa Nyasa. Robo inayobaki ndiyo ya ugali au wali, kama ukubwa wa ngumi yako. Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe, kwa sababu makapi yake hukufanya ushibe muda mrefu. Kula polepole, na ukitaka kuongeza, ongeza mboga.

Nne, mwendo. Mkulima wa jembe anafanya mazoezi ya kutosha msimu wa kilimo. Lakini baada ya mavuno jembe linapumzika, sherehe zinaanza, na bodaboda iko mlangoni. Hapo ndipo kilo huingia. Tembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki.

Usifanye haraka. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha, na hata pungufu ya hapo si aibu. Mimi nilichukua miezi kumi kutoa kilo kumi. Sasa nina kilo 84, na bado naendelea.

Tahadhari

Mama mjamzito asijaribu kupunguza uzito, na anayenyonyesha aulize kwanza kliniki. Watoto wasinyimwe chakula. Mwenye kifua kikuu au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI azungumze kwanza na mhudumu wake. Mwenye dawa za kisukari au za shinikizo la damu asiziache kwa sababu anajisikia vizuri. Arudi kupimwa, kwani huenda kipimo cha dawa kikahitaji kubadilishwa na mtaalamu. Na wapendwa, kufunga wakati wa Kwaresima ni ibada, si dawa ya unene. Mwenye kisukari asifunge bila ushauri.

Ombi langu

Kila kikundi hapa kina daftari la hisa. Naomba lianzishwe la pili, la uzito na kiuno, kwa wanaopenda tu. Tutumie mizani ya zahanati na utepe wa fundi cherehani. Kiuno kikizidi sentimita 88 kwa mwanamke au 102 kwa mwanaume, ni dalili ya hatari. Pimeni mara moja kwa mwezi, na siri ya mtu ibaki ndani ya kikundi.

Na mkimwona mwenzenu anapungua, msinong'one. Mwulizeni kwa upendo, kama shangazi yangu alivyoniuliza mimi. Nilimjibu, "Nimepima, shangazi, kila kitu." Nikampakulia matembele, maharage na ugali mdogo. Akala, akaniomba nimwandikie kwenye karatasi.