Imani Thabiti, Ulimi wa Tahadhari: Ujasiri na Unyenyekevu katika Utumishi wa Kanisa



Utangulizi

Mada niliyopewa inauliza Mkristo anawezaje kuwa na uhakika wa imani yake bila kuwa na majivuno. Katika sharika zetu swali hili huzua kambi mbili. Wazee wanaogopa vijana waliochemka, vijana wanaogopa wazee waliopoa. Mwishowe tunapatana kwamba kila mmoja apunguze kidogo: vijana wapunguze imani, wazee wapunguze woga.

Mimi nasema hakuna wa kupunguza imani. Ujasiri wetu unamhusu Mungu: kwamba yuko, kwamba anatupenda, kwamba Kristo amefufuka. Tahadhari inatuhusu sisi: namna tunavyosikia, tunavyosoma Maandiko, na tunavyosema kwa jina lake. Hatari huanza pale mtumishi anapouchukua uhakika alio nao juu ya Mungu na kuuhamishia kwenye maneno yake mwenyewe.

1. Maandiko yanatufundisha nini

Katika Mathayo sura ya 4, mjaribu alimsimamisha Yesu juu ya hekalu na kumtaka ajitupe chini, tena akamtolea andiko kutoka Zaburi ya 91. Andiko lilikuwa la kweli, na ahadi ilikuwa ya Mungu. Yesu hakuikana ahadi hiyo. Alichokataa ni kuitumia kumjaribu Baba. Basi inawezekana mtu kushika andiko sahihi mkononi na bado akawa anaelekea shimoni.

Danieli sura ya 3 inatuonyesha njia iliyo njema. Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia Nebukadreza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wakaongeza kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu. Walikuwa na hakika ya uwezo wa Mungu, lakini hawakujifanya wanajua uamuzi wake. Mhubiri anayemhakikishia mgonjwa kwamba wiki ijayo atakuwa mzima hana imani kubwa kuliko vijana wale. Amesema tu jambo ambalo hakutumwa kulisema.

Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza sura ya 3, anatutaka tuwe tayari kutetea tumaini letu, ila kwa upole. Huyu ndiye aliyesisitiza mbele ya wenzake kwamba hatamkana Bwana, na usiku uleule akamkana.

2. Mfano wa Uamsho wa Afrika Mashariki

Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi wa Buganda na daktari mmisionari Joe Church kutoka Uingereza walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Church alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Kutoka Gahini moto wa Uamsho ulisambaa Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika.

Walokole, yaani watu wa Uamsho huo, walitangaza bila kumung'unya maneno kwamba wameokoka. Lakini katika mikutano yao mtu huyohuyo aliyeshuhudia wokovu alisimama na kukiri dhambi yake ya juzi. Wamisionari walitubu kiburi cha rangi mbele ya Waafrika, na Waafrika walitubu chuki zao. Uhakika wa neema ndio uliowapa nguvu ya kujianika, kwa sababu asiye na hakika kwamba amesamehewa hulazimika kuficha.

Hata hivyo, Uamsho haukukosa kasoro. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Askofu Tucker, Mukono, akiwamo William Nagenda. Wao waliona walimu wamelegea katika mafundisho. Uongozi uliona ukaidi na kiburi cha kiroho. Kila upande ulikuwa na hakika, na jeraha lilikuwa la kweli. Pamoja na hayo, walokole wengi walibaki ndani ya Kanisa Anglikana, wakakubali kuishi na ndugu waliotofautiana nao.

Katika Kanisa hilo alitokea Janani Luwum, aliyeokoka katika Uamsho mwaka 1948 na baadaye akawa Askofu Mkuu. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kupinga mauaji na dhuluma, na tarehe 16 mwezi huohuo akauawa. Askofu Festo Kivengere alikimbilia uhamishoni, na mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake lenyewe lilitangaza kwamba anampenda Amin. Basi asituambie mtu kwamba unyenyekevu ni kunyamaza.

3. Uhakika uliokosa breki

Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni za magari kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, dawa ambayo mchungaji mstaafu alisema alioteshwa na Mungu. Wapo waliokufa njiani wakisubiri zamu. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, ilianza kufukuliwa miili ambayo hatimaye ilizidi 400. Mashtaka yanaeleza kwamba waumini walifundishwa na mhubiri wao kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu.

Matukio haya mawili hayalingani kwa uzito, wala siyaweki kwenye mizani moja. Yanafanana kwa jambo moja: watu wengi walikubali ufunuo wa mtu mmoja kabla haujapimwa. Watu wa Beroya, katika Matendo sura ya 17, walichunguza Maandiko kila siku kuona kama aliyoyasema Paulo ni kweli, nao wakasifiwa. Ikiwa Paulo alichunguzwa, sisi ni nani?

4. Mapendekezo

(i) Mtumishi aseme "naamini" au "nimesukumwa moyoni" pale ambapo hana andiko lililo wazi. Tamko "Bwana ameniambia" lisitumike kufunga mjadala.

(ii) Ushuhuda wa uponyaji usitangazwe kabla ya vipimo vya hospitali. Na kamwe mgonjwa asiambiwe aache dawa.

(iii) Kila mtumishi, awe mchungaji au kiongozi wa maombi, awe na baraza la kumuuliza na kumrekebisha.

(iv) Baada ya mafundisho, vijana wapewe nafasi ya kuuliza bila kuitwa waasi.

(v) Wazee nao watoe ushuhuda. Tahadhari isiyomtaja Kristo kamwe imegeuka kuwa kinga ya heshima zetu.

Hitimisho

Ndugu zangu, imani iliyo hai haikatazi kupimwa. Anayekataza maswali analinda cheo chake, hailindi Injili. Tukirudi kwenye sharika zetu, tumhubiri Kristo kwa sauti isiyotetemeka, na tukubali kusahihishwa hata na mwanakwaya mdogo mwenye Biblia mkononi. Tuanze na mahubiri ya Jumapili hii.