Mtoto Yuko Jarubani: Nani Kamwajiri?

Msikilizaji, ukishuka kutoka Karatu mjini kuelekea Ziwa Eyasi, joto linapanda na vumbi linazidi, mpaka unapokuta mashamba ya vitunguu, kijani kitupu kando ya mifereji. Hiyo ndiyo Baray, kata yenye vijiji vya Mbuga Nyekundu na Qang'dend, jirani ya Mang'ola. Maji ya chemchemi yanawawezesha watu kulima hata kiangazi, na malori yanabeba vitunguu hadi Kenya. Lakini neema hiyo hiyo ndiyo inayowatoa wavulana darasani.

Kitunguu hakimngoji mtu. Miche ikikomaa kitaluni lazima ihamishwe, mmoja mmoja, kwa mkono, kwenye jaruba lililoloa maji. Ni kazi ya kuinama kutwa nzima. Mwenye shamba anahitaji mikono mingi, kwa siku chache, kwa ujira mdogo. Mvulana wa darasa la tano anamfaa: mgongo wake ni mwepesi, bei hajui kuipinga, na akilipwa jioni anashukuru.

Mtoto huyu haamki siku moja akasema, "Naacha shule." Anakosa masomo wakati wa kupandikiza, anarudi. Anakosa tena wakati wa palizi, anarudi. Ikifika kung'oa na kujaza magunia, wenzake wako kwenye sehemu na desimali, yeye hata kugawanya hajakuweza. Kama alianza mapema, upimaji wa darasa la nne unamwangusha, anarudia darasa, anakaa dawati moja na wadogo zake. Shambani anaitwa kijana, darasani anaitwa mtoro. Msimu unaofuata, shule haimwoni tena.

Kwa wafugaji wa Kidatoga njia ni nyingine, mwisho ni ule ule. Kiangazi kikikaza ng'ombe wanahamishwa, na anayetangulia nao ni mtoto wa kiume. Naye mtoto wa Kihadzabe anaingia darasa la kwanza akifundishwa kwa Kiswahili, lugha asiyoisikia kwao jioni.

Mtaniambia ni umaskini. Sikatai. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na mwaka 2016 Serikali ikapiga marufuku michango ya lazima. Lakini sare, madaftari na mlo wa mchana bado vinamsubiri mzazi, na wako wazazi ambao ujira wa mtoto ndio unga wa jioni.

Hata hivyo, tazameni ni nani huitwa pale mtoto anapokosekana shuleni. Mtendaji wa kijiji anamwita mzazi, anamwonya, pengine anamtishia faini. Aliyemlipa mtoto huyo jana jioni haitwi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na hata aliyeifikisha anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomzuia kwenda shule. Mwenye shamba yuko ndani ya sheria hiyo sawa na mwenye kiwanda. Tatizo ni kwamba kijijini ndiye mwenye kuchangia harusi na misiba, na kumuuliza kunaonekana ni utovu wa adabu.

Mwaka 2021 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kuwarejesha shuleni waliokatiza masomo. Wengi tuliupokea kama waraka wa mabinti waliojifungua, na ni haki yao kabisa. Lakini unawahusu waliokatiza kwa sababu mbalimbali, na mvulana aliyebaki jarubani yumo. Nani amemfuata akamwambia?

Pendekezo langu ni hili. Baray, mwenye kugawa maji ana nguvu kuliko mwenye kugawa barua za onyo. Kamati ya shule ikae na kamati ya maji, waandike kanuni moja: shamba litakalokutwa na mtoto wa shule siku ya masomo, mwenyewe anakosa zamu yake ya maji. Kisha kila msimu ukiisha, mwalimu mkuu asome majina ya waliokosekana kwenye mkutano wa kijiji, na kila jina liwe na mtu wa kulifuata nyumbani. Mkulima wa vitunguu anaweza kupuuza onyo la mtendaji, lakini hakuna anayepuuza zamu ya maji.