Metali Ipi Iliwe? Kinga ya Vyuma vya Mashua Katika Maji Baridi ya Tana

Mada kwa semina ya mafundi wa vyuma na wenye mashua, Nyeri



Utangulizi

Maji ya Sagana, Chania na Gura yanatelemka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua, yanaingia Tana, na Tana inalijaza bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, kabla ya kupita Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kwa mashua yenye injini inayofanya kazi katika maji hayo, hoja yangu ni moja: kinga inayofaa Mombasa haifai hapa, kwa kuwa maji ndiyo yanayoamua ni metali ipi itolewe kafara.

Kutu inavyofanya kazi

Propela ya bronzi, shafti ya chuma cha pua na bodi ya aluminiamu zikigusana ndani ya maji, huwa betri. Umeme mdogo hupita kati yake, na metali iliyo dhaifu huliwa. Hapa ni aluminiamu. Tukifunga kipande cha metali iliyo dhaifu kuliko zote, hicho ndicho kitakacholiwa, na vingine vitasalimika. Kipande hicho ni anodi.

Elimu hii ina miaka 200. Mwaka 1824 Humphry Davy wa Uingereza alionyesha kwamba vipande vya zinki au chuma huzuia shaba iliyofunika matumbo ya manowari isiliwe na bahari. Kinga ilifaulu, lakini shaba iliyoacha kuyeyuka iliacha pia kuwafukuza viumbe wa baharini, wakajishikiza kwenye meli. Tangu hapo wahandisi wanajua kwamba kila kinga ina gharama yake, nayo hupimwa kwanza.

Kwa nini zinki haitoshi huku

Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, na zinki hufanya kazi vizuri ndani yake. Maji baridi hupitisha kidogo sana. Zaidi ya hapo, zinki hujifunika ngozi ngumu na kunyamaza. Mwenye mashua huiona nzima akafurahi, kumbe inayoliwa ni injini. Anodi isiyopungua ni dalili ya hatari.

Magnesiamu ina nguvu zaidi ya kusukuma umeme, ndiyo maana hufaa maji baridi. Mafundi wa hita za maji mnaijua: fimbo iliyo ndani ya tangi la chuma mara nyingi ni magnesiamu, na ikiisha bila kubadilishwa, tangi huanza kuvuja. Anodi ya aloi ya aluminiamu hufaa mashua inayohama kati ya maji baridi na maji yaliyochanganyika na chumvi. Lakini magnesiamu isipelekwe baharini: huisha upesi, na nguvu yake ikizidi hubandua rangi na kuidhuru bodi ya aluminiamu.

Rangi na grisi

Kinga ya kwanza ni kuitenga metali na maji. Mwaka 1916, Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Goetzen katika Ziwa Tanganyika, waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, mitambo ikiwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Vivyo hivyo, rangi nzuri hupunguza kazi ya anodi. Ila rangi yenye shaba isipakwe kwenye bodi ya aluminiamu, maana itaila.

Mapendekezo

1. Anayenunua injini iliyotumika pwani aulize anodi zake ni za metali gani, azibadilishe kabla ya kuishusha bwawani.

2. Mahali pa kufungia anodi pasuguliwe kwa msasa hadi metali ing'ae. Anodi isipakwe rangi kamwe. Ikipakwa haifanyi kazi.

3. Anodi ibadilishwe ikiwa imeliwa nusu, isingojewe iishe.

4. Nyaya za betri zikaguliwe. Umeme unaovuja majini hula metali haraka kuliko kutu ya kawaida.

5. Vyuo vyetu vya ufundi vifundishe somo hili pamoja na uchomeleaji. Mwanafunzi apime kwa mita ya volti, aone mwenyewe tofauti ya zinki na magnesiamu katika maji ya mto.

Anodi ni kipuri cha bei ndogo kuliko injini inayoilinda, na injini ikizimika katikati ya Masinga, walio ndani ya mashua wako hatarini. Fundi anayechagua metali sahihi analinda mali na uhai, na kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa kila karakana iliyowakilishwa hapa.