Posa Isiyouliza Kazi: Ndoto za Ajira na Ndoa kwa Wasichana wa Vyuo, Kijenge



Mada hii kwa kawaida huja na swali lake: msichana achague nini, kazi au mume? Mimi swali hilo silikubali. Tangu nistaafu ualimu nimepangisha vyumba hapa Kijenge, Arusha, kwa wanafunzi wa Chuo cha Uhasibu na Chuo cha Ufundi, na sijampata hata mmoja aliyetaka kimoja tu. Usiku wakisubiri maharage yaive, nasikia habari za mtihani wa uhasibu wa CPA, mara vitenge vya sendofu, mara CPA tena. Wanavitaka vyote, na wana haki.

Kinachowaangusha naanza kukiona kwenye posa. Mwaka juzi niliitwa kukaa upande wa wazazi wa binti mmoja wa mwaka wa tatu, kule Meru. Mjomba alishika daftari. Wakaandika ng'ombe, mbuzi, asali, mablanketi. Blanketi moja tu la shangazi lilibishaniwa karibu nusu saa. Binti mwenyewe alikuwa jikoni anapakua loshoro, anasikia kila neno. Hakuna aliyemwita kumuuliza akihitimu atafanya kazi wapi. Nami sikuuliza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Baada ya harusi akaitwa kazini kupitia Sekretarieti ya Ajira, kituo mkoa wa mbali. Mume akasema, "Si tulikubaliana utabaki Arusha?" Naye akamjibu, "Tulikubaliana lini?" Wote wawili walisema kweli. Mume aliamini posa ilimaliza mambo yote. Mke alijua suala la kazi halikutajwa kabisa.

Kuna pia deni la mkopo wa masomo kutoka Bodi ya Mikopo, ambalo nalo haliingii kwenye daftari la mjomba. Mhitimu aliyekopeshwa akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe, ameolewa au hajaolewa. Anayemtaka mkewe aache kazi akae nyumbani, aseme pia ni nani atakayelilipa.

Sheria nazo mabinti wazijue kabla ya kuvaa shela. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ililikataa jambo hilo mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Lakini sheria hiyohiyo inampa mke haki ya kumiliki mali sawa na mwanamume. Tena mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango wa mke katika mali ya ndoa. Watu huisimulia hukumu hiyo kama habari ya talaka. Mimi huwaeleza mabinti kwamba ni hukumu juu ya kazi: ikiwa kupika na kulea ni kazi, basi mke anayetoka ofisini jioni na kuzikuta kazi hizo zote zinamsubiri ana ajira mbili.

Tazameni likizo ya uzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba kwa kawaida anapata siku 3. Siku ya 85 mtoto anabaki na nani? Mara nyingi anabaki na dada wa kazi, naye mara nyingi ni msichana ambaye angepaswa kuwa darasani. Ndoto ya mmoja inabebwa mgongoni na mwenzake, na hili sisi wenye nyumba tunaliona kila asubuhi tukalinyamazia.

Kuhusu yale maneno kwamba ukisoma sana wanaume watakuogopa, nitasema machache: yameshawafanya wasichana wafiche matokeo yao mazuri kwa wachumba wao. Ndoa inayoanza kwa kuficha cheti imeanza vibaya.

Wazazi wenzangu, nawaomba. Washenga wakija, kabla blanketi la kwanza halijaandikwa, mwiteni binti atoke jikoni, mpeni kiti, na mumuulize mbele ya mchumba wake atafanya kazi gani, wapi, na mtoto atalelewa na nani. Majibu yake yaandikwe kwenye daftari lilelile.