Mshipi wa Usiku Shangani



Nimetakiwa niseme machache juu ya kuvua mshipi usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, chakula kilipokuwa adimu Unguja, baadhi yetu tulitafuta kitoweo pwani ya Shangani. Chambo ngisi, chubwi ya risasi, mshipi juu ya kidole. Gizani kidole ndicho jicho.

Mwezi ukiwa mpevu, maji hukauka kiasi cha saa nne usiku, kisha hujaa hadi alfajiri, na bamvua huweza kupandisha bahari karibu mita 4. Usiku mmoja nilisimama juu ya mwamba, mshipi nimeuzungusha mkononi. Chewa akala, akajitia pangoni. Maji yakanifika kifuani, nami sikutaka kumwachia. Nyumbani walikuwa wakingoja. Mwenzangu wa dawati akaja na kisu, akaukata mshipi.

Sikusema naye wiki nzima. Leo amekaa safu ya mbele, nami nina wajukuu. Ndugu yangu, ahsante, ingawa nimechelewa. Na nyinyi vijana, mshipi msiuzungushe mkononi.