VPN ya bure analipa nani?

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya herufi tatu ambazo siku hizi husikika kwenye daladala, saluni na vijiwe vya kahawa: VPN. Kirefu chake ni cha Kizungu, nacho kisitusumbue. Maana yake ni njia ya faragha inayopita ndani ya njia ya watu wote. Hapo awali kilikuwa chombo cha mabenki na makampuni makubwa, ili mfanyakazi aliye safarini aweze kufungua mafaili ya ofisini bila wapita njia kuchungulia.

Kilichokileta chombo hiki mitaani kwetu ni makufuli. Julai 2018 serikali ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na Waganda wengi wakaikwepa tozo hiyo kwa VPN. Hapa Tanzania, wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, Twitter ilizuiwa, na Mei 2025 mtandao huo huo, ukiwa tayari unaitwa X, ukazuiwa tena. Kila kufuli linapofungwa, watu hutafuta ufunguo, na ufunguo ulio karibu ni ule wa bure.

Kabla sijaendelea, niseme la sheria, maana si haki kumfundisha mtu njia bila kumwonyesha shimo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza kutumia zana za kumwezesha mtu kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo ikiwataka wanaotumia VPN kujiandikisha kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, na ikakumbusha adhabu: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mimi naona tangazo lile liliwaweka kapu moja watu wasiofanana: mkwepaji wa marufuku, na mfanyabiashara anayejikinga anapotumia intaneti ya bure ya hoteli. Lakini maoni yangu hayamfutii mtu faini.

Sasa tuje kwenye simu. Nenda Kariakoo, kwenye vibanda vya simu, utamwona mteja akimkabidhi kijana simu yake na kusema, "Niwekee VPN." Kijana anafungua duka la programu, anabonyeza ile ya kwanza yenye nyota nyingi, anakubali kila kinachoulizwa, anarudisha simu. Dakika 2 hazijaisha. Hakuna aliyeuliza mwenye programu ni nani, na hilo ndilo swali la kwanza lililopaswa kuulizwa.

Fikiria barua. Ukitumia intaneti bila VPN, kampuni ya simu ni kama posta: inaona bahasha yako inakwenda kwa nani, hata kama haioni kilichoandikwa ndani. Ukiwasha VPN, bahasha hiyo inatiwa ndani ya bahasha nyingine, nayo inapelekwa kwenye sanduku la mtu fulani, labda Uholanzi, labda Singapore. Kampuni ya simu haioni tena ila anwani ya sanduku. Ni sawa. Lakini mwenye sanduku ndiye anayefungua bahasha ya nje na kusoma unaandikiana na nani, usiku na mchana. Hukuyaondoa macho, umeyahamisha. Ulimkimbia mtu unayemjua jina, mwenye ofisi mjini na leseni ukutani, ukaenda kwa mtu usiyemjua hata nchi yake.

Na huyo mtu analipia mitambo, umeme na wafanyakazi. Kama hakudai shilingi, anazipata wapi? Majibu mengine tunayo. Mwaka 2013 Facebook ilinunua kampuni ya Onavo, iliyokuwa na VPN ya bure ikitangazwa kuwa ni ya kulinda siri za mtumiaji. Kumbe taarifa za programu alizotumia mtu, na muda aliokaa humo, zilikuwa zikitumika kupima biashara za washindani. Julai 2023 mahakama ya Australia ilizitoza kampuni 2 tanzu za Meta jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwapotosha wateja. Mwaka 2015 ikajulikana kwamba Hola, VPN nyingine ya bure, ilikuwa ikiuza intaneti ya watumiaji wake kwa watu wengine. Yaani mgeni usiyemjua anapita kwenye laini yako, na akifanya uhalifu, nyayo zinaonekana ni zako. Na watafiti waliochunguza programu 283 za VPN za simu za Android mwaka 2016 walikuta zaidi ya theluthi moja zina dalili za programu hasidi, na 18 katika kila 100 hazifungi bahasha kabisa.

Sisemi kila ya bure ni mtego. Zipo kampuni zinazotoa huduma ndogo bure huku wateja wanaolipa wakibeba gharama, na zinawaruhusu wakaguzi wa nje kupekua mitambo yao. Hizo zina jina, anwani na mtu wa kushtakiwa.

Basi ukiwa na haja halali, weka mwenyewe. Chukua programu kwenye duka rasmi la simu yako, si faili uliyotumiwa na rafiki kwa WhatsApp. Soma jina la kampuni, uitafute. Ukiiwasha mara ya kwanza, simu itakuuliza kama unakubali programu hii isimamie mawasiliano yako yote. Swali hilo ni la kawaida, kila VPN hulileta. Lisilo la kawaida ni VPN kuomba kusoma meseji zako, majina uliyohifadhi, au ruhusa ya kutazama na kuendesha kioo chako. Meseji ndimo zinamoingia namba za siri za benki. Hapo kataa, uifute. Ikishawaka utaona alama ndogo ya ufunguo juu ya kioo, na kwenye iPhone herufi VPN. Katika mipangilio ya Android, sehemu ya VPN, unaweza kuamuru simu isipitishe chochote VPN inapokatika.

Jambo jingine ambalo wauza vifurushi hawalisemi: ukinunua kifurushi cha WhatsApp peke yake halafu ukawasha VPN, kampuni ya simu haitambui tena kuwa hiyo ni WhatsApp, na salio lako la kawaida linaliwa. Halafu menyu za pesa kwa simu, zile za kubonyeza nyota na namba, hazipiti kwenye intaneti, kwa hiyo VPN haizilindi wala haizidhuru.

Tena, VPN inahitaji barabara. Intaneti ilipozimwa nchini tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, ikakaa siku kadhaa, wenye VPN za kulipia na wenye za bure walikaa giza moja. Uganda walilijua hilo tangu Januari 2021.

Kama unayo tayari na huikumbuki uliitoa wapi, usiishie kuizima. Ifute, kisha urudi kwenye mipangilio, sehemu ya VPN, uangalie orodha. Kwenye iPhone hasa, jina likiwa bado limo, lifute na lenyewe. Wiki ijayo, panapo majaliwa, nitazungumzia meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii".