Mlima Uliwachomea Nyumba, Vita Vikawanyima Msimu
(Mazungumzo na wanakisomo wa Ipinda, Kyela)



Sisi wa Kyela tunayajua mafuriko. Mto ukifurika, maji huingia kwenye mpunga, huingia na nyumbani. Tunahama. Maji yakishuka tunarudi, tunapanda tena. Je, ukirudi ukakuta risasi zinalia shambani, utapanda saa ngapi?

Hayo yamewapata ndugu zetu wa Goma, mashariki ya Kongo. Nao wanasema Kiswahili kama sisi.

Karibu na Goma upo mlima wa moto uitwao Nyiragongo. Hata Rungwe wetu zamani ulikuwa mlima wa moto, lakini umelala. Nyiragongo haujalala. Tarehe 22 Mei, 2021, ulipasuka. Mawe yaliyoyeyuka yalitiririka kama uji wa moto. Watu zaidi ya 30 walikufa. Maelfu ya nyumba ziliungua. Tangi kubwa la maji liliharibika.

Je, watu walikata tamaa? Hapana. Mwaka 2002 mlima huo ulichoma mji, wakajenga tena juu ya jiwe jeusi lililopoa. Safari hii pia walianza kujenga. Wengine walikaa kambini Kanyaruchinya, wakingoja.

Lakini Novemba 2021 waasi wa M23 walianza vita tena. Waasi hao walishindwa mwaka 2013, na askari wetu wa Tanzania walikuwemo katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichopambana nao. Sasa wamerudi. Mwaka 2022 wakimbizi wa vita walimiminika Kanyaruchinya. Aliyechomewa nyumba na mlima akagawana maji na aliyekimbia risasi. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi waliiteka Goma. Mwezi uliofuata watu wa kambini wakaambiwa waondoke. Waende wapi?

Ndugu zangu, mlima huchoma siku moja, halafu hupoa. Vita havipoi upesi. Vinakunyima msimu wa kulima, msimu baada ya msimu. Mtu bila msimu hawezi kujenga.

Kwa hiyo tusiseme amani ni maneno ya hotuba tu. Amani ni jembe. Ugomvi wa mpaka wa shamba tuumalize barazani mapema, ungali mdogo.

Maswali ya kujadili:
1. Mafuriko yakija, nani atampokea jirani yake?
2. Ugomvi gani kijijini kwetu haujamalizwa?